Akili ikigoma, usifunge karakana

MSAFIRI wa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa hukatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilometa zipatazo 50. Tembo na twiga huwaona dirishani. Akitafuta cha kupeleka nyumbani, hana sababu ya kununua kinyago kinachofanana na alivyoviacha Dar es Salaam.

Hapo ndipo mchongaji, mchoraji au msusi wa vikapu wa Mikumi na Kilosa anapokwama. Patasi imenolewa, mti upo, wazo haliji. Wiki inakatika. Mwishowe anaiga cha jirani, mteja anawashindanisha, bei inaporomoka na ada ya mtoto inabaki deni.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakusomea sanaa. Alitumia rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi vya mraba, vya takriban sentimeta 60 kila upande. Mara nyingi alichora mnyama mmoja tu juu ya rangi moja. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika wenye jina lake.

Ufinyu ule, kwa maoni yangu, ulimsaidia. Ubao mdogo hujibu nusu ya maswali kabla hujashika brashi. Anayetaka kuchonga mbuga nzima ndiye anayekesha akikuna kichwa.

Kwa hiyo, ndugu mjasiriamali, jipimie: kipande kidogo, rangi mbili, kitu kimoja ulichokiona mwenyewe. Kilosa kuna mkonge, reli ya zamani na treni ya SGR iliyoanza kupitisha abiria hapo mwaka 2024. Jioni usimalize kila kitu. Mkulima anayeacha tuta nusu haulizi asubuhi aanzie wapi.

(Kama umepalilia tangu alfajiri, kalale kwanza. Huo ni uchovu, si ukosefu wa kipaji.)

Tengeneza vitatu vidogo vinavyotofautiana, viweke mezani siku ya gulio, utazame mkono wa mteja unaanzia kipi. Mti mkubwa ununue baada ya hapo.