Fundo la Pindoni: Akiba ya Mke Aliyebanwa

Kina mama karanga wa Vanga hununua samaki mashua zinaporudi, wakawakaanga na kuwauza kabla ya jua kuchwa. Wenzao husuka mikeka na makuti, au huuza mahamri mlangoni. Faida ni ndogo, lakini ni jasho lao. Hata hivyo, zipo nyumba ambamo jasho hilo halimfai mwenyewe: mume hulichukua lote, huhesabu hadi pesa ya sabuni, huipekua simu ya mke na kumkataza asende kwao. Mke wa nyumba hiyo, afungapo shilingi 20 kwenye pindo la leso, hujiuliza: Je, hii si khiyana?

Swali hilo lastahili jibu, nalo lategemea fedha yenyewe ni ipi.

Ya kwanza ni mahari. Sura An-Nisaa, aya ya 4, yaamrisha wake wapewe mahari yao; mume hana haki nayo ila mke akimpa kwa ridhaa ya nafsi yake. Ya pili ni pato la mikono yake. Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo yathibitisha kuwa wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mwenye kuvihifadhi viwili hivi mbali na macho ya mumewe ametunza mali yake, hakumwibia mtu.

Ya tatu ni masurufu ya nyumba, na hapa pana mpaka. Hind bint Utba alimshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mume, pasi na yeye kujua, kadiri ya kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Ruhusa hiyo ni ya haja, si ya kujilimbikizia.

Haba na haba hujaza kibaba. Shilingi 20 kila siku hufika 7,300 kwa mwaka. Shilingi 50 hufika 18,250. Huo si utajiri, lakini ni nauli, ni kodi ya chumba kwa muda, ni unga wa watoto siku za mwanzo. Lakini pa kuziweka ni muhimu kama fedha zenyewe. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huzikinga na mwizi wa njiani, si na mtu asomaye jumbe za simu yako. Kwa mke wa namna hii, kibubu kilichowekwa kwa mama au shangazi, zamu ya mchezo wa kina mama, au bangili ya dhahabu huenda vikawa salama zaidi. Nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto navyo vikae huko huko.

Jambo jingine halijulikani na wengi. Katika khului, mke hurejesha mahari ili aachwe, kama mke wa Thabit bin Qays alivyorejesha shamba. Lakini aya ya 19 ya An-Nisaa yawakataza waume kuwabana wake ili wawapokonye walichowapa. Basi aliyepigwa au kunyimwa masurufu asikimbilie kutoa akiba yake kununua uhuru. Kwanza amuulize kadhi kuhusu fasikhi, yaani ndoa kuvunjwa kwa sababu ya madhara. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, na wake wa pwani si wageni huko: kitabu cha Susan Hirsch cha 1998, kuhusu mahakama hizo, chaonyesha kuwa wanawake ndio wapelekao kesi nyingi, na mara nyingi hushinda.

Sheria ya Kenya ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani nayo yahesabu unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili, na mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi. Nambari 1195 hupigwa bila malipo. Tahadhari ni moja: saa ya kuondoka ndiyo yenye hatari kubwa. Usiitangaze wala usiitishie kwa hasira. Ijue wewe na mmoja umwaminiye.

Nasi jamaa tuna wajibu. Ugomvi wa kawaida una dawa yake: aya ya 35 yataka wapatanishi wawili, mmoja wa kila upande. Lakini binti arudipo kwao na alama mwilini, tusimjibu kwa neno vumilia. Subira ni ibada. Kuificha dhuluma si subira. Al-Baqara, aya ya 229, yawapa waume njia mbili tu: kukaa na mke kwa wema au kumwacha kwa hisani. Mzazi amfungulie mlango, na amtunzie kibubu chake bila kumwambia mtu.