Nyonga Ikiuma, Usiseme Ni Uzee Tu

Nyanya anateleza bafuni asubuhi. Wajukuu wanamwinua, anapakwa mafuta, anakandwa, kisha analazwa kitandani na kuambiwa atapata nafuu. Wiki mbili baadaye bado hawezi kusimama. Wengi wetu katika Kaunti ya Kilifi tumeyaona haya nyumbani au kwa jirani. Kinachoitwa uzee huenda ni mfupa uliovunjika, na kila siku inayopita hufanya matibabu kuwa magumu zaidi.

Nyonga ni kiungo kinachounganisha mguu na kiwiliwili. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho huzunguka ndani ya shimo lililo kama kikombe. Mifupa hiyo miwili imefunikwa kwa gegedu, tabaka laini linalozuia isisuguane. Kiungo hiki hubeba uzito wa mwili tunapotembea, tunapolima na tunapobeba maji.

Ni wapi hasa panapouma?

Mahali penye maumivu humsaidia daktari kujua chanzo. Maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi husikika kwenye kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo. Maumivu ya upande wa nje, yanayozidi ukilalia ubavu huo, kwa kawaida hutokana na kano na misuli iliyochoka au kuvimba. Yale ya matako yanayoteremka hadi chini ya goti mara nyingi hutoka mgongoni. Pia yapo maumivu ya nyonga yanayosikika gotini. Ndiyo maana mtu anaweza kutibiwa goti kwa miezi bila nafuu, kumbe tatizo liko juu.

Visababishi vya kawaida

Kuchakaa kwa kiungo. Gegedu hulika polepole kadiri umri unavyosonga, hasa kwa wenye uzito mkubwa au waliowahi kuumia nyonga. Mtu huamka akiwa amekakamaa, na baada ya muda hata kuvaa viatu huwa shida. Mazoezi, kupunguza uzito, mkongojo na dawa alizoandikiwa na daktari humsaidia. Hali ikizidi, kiungo kinaweza kubadilishwa kwa upasuaji.

Kuvunjika. Mifupa ya wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, hudhoofika kiasi kwamba kuanguka kidogo tu kunatosha kuvunja nyonga. Kwa vijana, chanzo huwa ni ajali za bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe. Dalili zake ni kushindwa kuukanyagia mguu, mguu kuonekana mfupi kuliko mwingine, na wayo kugeukia nje.

Kufa kwa kichwa cha mfupa. Damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, sehemu hiyo hufa na kubomoka. Huwapata watu wenye selimundu, ugonjwa ambao si mgeni hapa Pwani. Huwapata pia wanywaji wa pombe kupita kiasi na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kijana mwenye selimundu anayechechemea anahitaji kupigwa eksirei.

Maambukizi. Bakteria wanaweza kuingia katika kiungo na kusababisha usaha. Kifua kikuu nacho hakiishii mapafuni. Kinaweza kushambulia nyonga polepole, kikiambatana na kukonda na homa za jioni.

Mtoto anayechechemea

Mtoto mwenye homa anayekataa kutembea au analia akiguswa mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha unaweza kuharibu nyonga yake kwa siku chache, naye akabaki na ulemavu maishani. Hata asipokuwa na homa, mtoto au kijana anayechechemea kwa zaidi ya siku chache apimwe. Usikubali kuambiwa kwamba "ataacha akikua".

Akianguka, fanya hivi

Usimkande, usimvute mguu na usimlazimishe kusimama. Mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kukata mishipa ya damu. Mlaze chali, tegemeza mguu kwa mto au nguo zilizokunjwa, kisha mbebe juu ya ubao au machela hadi hospitali yenye eksirei. Usimpakie kwenye bodaboda. Nyonga iliyovunjika mara nyingi huhitaji upasuaji, na mapema ni bora, kwa sababu kulala muda mrefu huleta vidonda, nimonia na damu kuganda mishipani.

Jihadhari pia na dawa za maumivu za kununua dukani. Zikimezwa kila siku bila ushauri zinaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Uanzie wapi?

Anza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko utapimwa na, ikihitajika, utapewa rufaa. Dharura kama kuanguka ziende moja kwa moja hospitalini. Hakikisha jamaa wote wamesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya ni bila malipo kwa waliosajiliwa. Matibabu ya hospitali, ukiwemo upasuaji, yanahitaji michango iwe imelipwa, kwa hivyo usisubiri hadi mgonjwa aanguke.

Nyumbani, weka taa njia ya chooni, ondoa mikeka inayoteleza na mpe mzee mkongojo. Kula dagaa, maziwa na mboga za majani, na utembee kila siku. Na leo, muulize mzee wako swali moja: "Panauma wapi?" Jibu lake likikutia shaka, mpeleke akapimwe.