Daraja za Kuzaliwa



Rigveda, kitabu kikongwe cha Wahindu, chasimulia kwamba watu walitoka katika viungo vya Purusha: makuhani kinywani, wapiganaji mikononi, wakulima na wafanya biashara mapajani, watumishi miguuni. Katika Ramayana, Shambuka wa tabaka la chini auawa na mfalme Rama kwa kufanya ibada isiyo ya daraja lake. Naye Sita, mkewe Rama, alimbidi kuingia motoni ili ithibitike kuwa ni msafi, ilhali mumewe hakuulizwa neno. (Haki isemwe: Wahindu wengi wameyapinga hayo, na katiba ya India ya mwaka 1950 ilikataza kumtenga mtu kuwa najisi.)

Tusiwacheke. Hapa Buha, katika Kasulu na Kibondo, koo za watawala wa Kitutsi zilikaa juu ya Waha wakulima, na ubugabire ulimfunga mtu kwa bwana wake kwa ajili ya ng'ombe. Mwaka 1946 mwanamke, Mwami Theresa Ntare, alikalia kiti cha Heru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Yaliyomo vifuani hayakufutwa. Hata leo mzee humkatalia binti mchumba mwenye dini, ati babu yake alikuwa mgabire. Na baba akifa, kaka zake binti huyo hugawana shamba naye akitazama.

Bilal, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyeadhini juu ya Al-Kaaba Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra. Na fungu la binti limo katika Suratun Nisaa, aya ya 7 na ya 11. Wenye shamba wakaisome kabla ya kupima mipaka.