Mtoto anayechelewa kusema: mazungumzo yanaanzia kwenye mbabula



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alibaki nyuma wakati wengine wanatoka. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wake wa kiume wa miaka miwili na miezi mitano. Alitueleza kwamba mtoto huyo anasema maneno manne tu: mama, hapana, moto, na jina la dada yake. Tulimwuliza kama ni moto wa makala ao moto ya kupanda barabarani. Alicheka kidogo, akasema ni yote mawili.

Kila mtu alikuwa amekwisha kumpa sababu. Mama mkwe alisema wavulana huchelewa, wangoje tu. Jirani alisema ulimi umefungwa, mtoto akatwe chini yake. Bwana wake alisema lugha zimekuwa nyingi nyumbani, waache Mashi na Kiswahili, wamsemeshe Kifaransa peke yake. Wengine walinong'ona mambo ya laana. Yeye mwenyewe alikuwa na swali moja: "Nilikosea wapi?"

Tulikaa naye. Baadaye tulizungumza na wamama wengine wa hapa Bukavu, na muuguzi mmoja wa jumuiya yetu anayepima watoto siku za CPS. Tuliona kwamba swali hilo liko katika nyumba nyingi, na kwamba watu wengi wanaona haya kulisema. Ndiyo sababu tunaandika.

Kwanza masikio

Kabla ya kutafuta kosa la mama, tuulize kama mtoto anasikia. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Sikio likiziba, hata nyumba yenye maneno mengi inakuwa kimya kwake. Usaha unaotoka sikioni na kurudi kila mara, homa ya uti wa mgongo, surua, malaria kali, na dawa fulani za sindano kama gentamicin, hayo yote yanaweza kuharibu masikio ya mtoto. Na mtoto hawezi kutuambia kwamba hasikii, kwa maana hajui kusikia vizuri kukoje.

Nyumbani tunaweza kujaribu. Simama nyuma yake akicheza, asikuone na asione kivuli chako, umwite jina kwa sauti ya kawaida. Fanya hivyo siku tofauti. Lakini tusitosheke na kupiga sufuria. Mtoto anaweza kugeuka kwa kishindo cha sufuria na bado asisikie sauti nyembamba zinazotofautisha neno na neno. Ukiwa na shaka, nenda kituo cha afya. Tusitie sikioni mafuta, majani wala kijiti.

Kuhusu kukatwa chini ya ulimi: ulimi uliofungwa kweli unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka sauti fulani. Lakini haumzuii kuelewa maneno wala kuwa na maneno. Mtoto asiye na maneno hatayapata kwa wembe, na kidonda cha kinywani kinaweza kuleta damu nyingi na maambukizi. Tunaomba sana jambo hilo lisifanywe mitaani.

Lugha si mzigo

Kwa baba wa mtoto huyu tulisema wazi kwamba hatukubaliani naye, ingawa tunaelewa hofu yake. Anafikiri juu ya shule. Wazazi wengi wa mji wetu wanafanya vilevile: wanamsemesha mtoto Kifaransa cha maneno ishirini, kile kile cha "viens" na "assieds-toi", halafu kinaisha. Mtoto anapata amri, hapati mazungumzo. Mzazi anayejua kucheka, kusimulia, kubembeleza na kutania katika Mashi ao Kiswahili, akiacha lugha hizo anamnyima mtoto sehemu kubwa ya maneno yake.

Lugha mbili ao tatu hazimfanyi mtoto kuwa na ugonjwa wa kusema. Kuchanganya ni kawaida. Hata sisi watu wazima tunachanganya katika sentensi moja, na mtoto anatusikia. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote. Akiita maji kwa Mashi na ndizi kwa Kiswahili, ni maneno mawili, si nusu mbili. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira katika kufundisha. Kifaransa kitakuja, na kitapata mahali pa kusimama.

Mama mmoja alituomba msamaha kwamba Kiswahili chake si kile cha Biblia, ni kile cha "niko naenda." Mama, ni hicho hicho. Mtoto anahitaji lugha inayotoka kinywani mwako bila kujikaza.

Sombe, beseni na bido

Sasa kazi zenyewe. Wazazi wanapotusikia tukisema "kuzungumza na mtoto", wanafikiri tunaomba saa moja ya kukaa chini na vitabu na vitu vya kuchezea. Nani ana saa hiyo? Mama huyu huuza sambaza. Anatoka alfajiri, anarudi amechoka. Hatuna haja ya kumwongezea kazi. Tunataka mtoto aingie ndani ya kazi iliyoko.

Tuchukue sombe, kwa sababu kila nyumba inaijua na inachukua muda. Mtoto kwa kawaida yuko mgongoni, ao amefukuzwa kando asisumbue. Mtoe mgongoni wakati wa kuchambua majani, kabla ya kinu na kabla ya moto. Mgongoni anasikia sauti yako vizuri, lakini haoni uso wako, na uso unamwonyesha jinsi midomo inavyofanya na kitu gani macho yako yanatazama. Mkalishe mbele yako. Mpe majani machache yawe yake. Halafu sema unachofanya, polepole, kwa sentensi fupi: "Naondoa kijiti. Hiki kijiti, tunatupa. Hili jani, tunaweka. Weka! Umeweka." Neno "weka" atalisikia mara ishirini kabla beseni halijajaa, na kila mara mkono wake unaweka. Kurudia namna hiyo kunafundisha kuliko kumwambia mara moja kwa mkazo.

Sasa akisema kitu, hata kibaya, kipokee na ukirudishe kikiwa kimekua kidogo. Akisema "jani", wewe sema "Ndiyo, jani kubwa." Akisema "toto nalia", mjibu "Ndiyo, mtoto analia. Anataka mama yake." Usimwambie "si hivyo, sema mtoto." Watoto wadogo wa lugha zetu mara nyingi huangusha mwanzo wa neno kwanza, atausikia kwako na ataushika. Mtoto anayesahihishwa kila wakati hujifunza kunyamaza.

Jambo gumu zaidi kwa wazazi tuliozungumza nao ni kungoja. Tunauliza, na kabla mtoto hajafungua kinywa tumekwisha kujibu. Uliza, halafu hesabu moyoni mpaka kumi ukimtazama. Ni muda mrefu sana, jaribuni mtaona. Katika kimya hicho mtoto anatafuta neno. Akijibu kwa kidole ao kwa mguno, hilo ni jibu pia, mpe neno lake: "Aa, unataka maji."

Vilevile tupunguze mtihani. "Hii nini? Na hii nini? Sema!" Mtoto anaona tunamkagua, hasa wageni wakiwapo. Afadhali kumpa kuchagua: "Unataka ndizi ao kiazi?" Hapo neno lina faida, linamletea chakula. Na tusimpe kila kitu kabla hajaomba. Mama anayejua mahitaji yote ya mtoto kwa kumtazama tu ana upendo mwingi, lakini mtoto wake hana sababu ya kusema.

Mengine tunayapitia haraka, kwa maana njia ni ile ile. Wakati wa kuoga, taja viungo huku ukivisugua: mguu, goti, mgongo, na huu mwingine uko wapi? Wakati wa kufua, nguo inaingia ndani ya beseni, inatoka nje, inapanda juu ya kamba. Ukienda na bido kwenye bomba, mtoto aone njiani mbuzi, matope, gari limekwama. Jificheni uso kwa kitenge na mfunue. Mtoto wa miezi minane anajifunza hapo kwamba mazungumzo ni zamu, zamu yangu na zamu yako. Na umeme ukikatika jioni, jambo ambalo hatuhitaji kulieleza, giza ni saa nzuri ya kumsimulia mtoto siku yake: ulikula nini, nani alikuja, kuku alikimbilia wapi.

Kuna desturi moja ambayo tunaiheshimu lakini inabidi kuitazama vizuri. Tumefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hanyamazishwi mara mbili, na wakubwa wakisema yeye yuko kimya. Kwa mtoto wa miaka kumi tunakubali. Mtoto wa miaka miwili anayeropoka katikati ya wageni hana ukosefu wa adabu, yuko kwenye masomo yake. Na wababa wasijitoe. Mtoto hujifunza maneno kwa baba pia.

Telefone, dada, na koko

Mama anapokuwa sokoni, mtoto anabaki na dada wa miaka tisa, na dada ana telefone ya zamani yenye video za watoto. Mtoto anatulia, ugali unapikwa. Hatuwahukumu. Lakini video inasema bila kungoja, na mtoto akijibu haimsikii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini; wa mwaka mmoja haifai; na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Badala ya kumgombeza dada, tumfundishe. Watoto wakubwa ni walimu wazuri sana wa lugha, wanapenda kuigiza, hawachoki kurudia. Mwonyeshe mara moja namna ya kusema, kungoja, na kurudisha neno. Na nyanya, yule tunayemwita koko, ana hadithi na nyimbo za kulaza mtoto ambazo zitapotea asipoziimba. Familia zilizokimbia vita na kuacha wazee kijijini zinajua pengo hilo. Katika nyumba za namna hiyo, jirani mzee aweza kuombwa akae na watoto jioni.

Lini tusingoje tena

Watoto hawalingani, na miezi michache si msiba. Lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja, asiyegeuka kwa jina lake, ao asiyeonyesha kitu kwa kidole, apelekwe kuonwa. Wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, vilevile. Wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "mama kuja", vilevile. Na katika umri wowote, mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, msingoje hata juma moja. Siku ya CPS, muuguzi akimaliza kupima kilo, usiondoke kabla hujamwambia: mtoto anasema maneno mangapi, anaelewa nini, aliugua nini, sikio limewahi kutoa usaha. Andika nyumbani ili usisahau kwenye foleni.

Yule mama alikwenda. Muuguzi alipouliza juu ya masikio, alikumbuka kwamba kila majira ya mvua sikio moja lilikuwa likitoa usaha, nao walilipangusa tu na kungoja likauke. Mtoto alitibiwa, kisha akatumwa kwa daktari wa masikio. Kwa hiyo jibu la swali lake ni kwamba hakukosea mahali alipodhani. Baba ameacha shauri la Kifaransa peke yake. Jioni, akifika na pikipiki, anamkalisha mtoto juu ya tangi na wanataja pamoja gurudumu, taa, honi.

Imepita miezi minne. Mama ameandika maneno kwenye daftari la mauzo ya sambaza: yamefika thelathini na moja, karibu nusu ni ya Mashi. Samaki anawaita "baza". Hajaanza kuunganisha maneno mawili, wakati watoto wa umri wake wanafanya hivyo, na daktari amewaambia warudi mwezi ujao apime tena masikio.