Kulala Hemani Huisaidia Akili Iliyochoka

Katika mitaa ya Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu, ni nadra usiku kuwa na kimya au giza. Matatu hupiga muziki, jirani huwasha televisheni, taa za nje huangaza mpaka chumbani, na simu haizimwi. Haishangazi basi kwamba sisi madaktari wa Eastlands huwapokea wagonjwa wengi wanaolalamika kuwa hawapati usingizi, wanakasirika upesi na mioyo yao ni mizito.

Hivi majuzi alinijia mzazi mmoja akitaka tembe za usingizi. Nilimpima nisione ugonjwa. Nilipomwuliza ni lini alilala mahali pasipo na taa, alifikiri sana, kisha akasema ni alipokwenda mashambani kwa mazishi. Sikumpa tembe. Nilimshauri aende akapige kambi mwishoni mwa juma.

Huenda msomaji akadhani hayo ni mambo ya watalii. La hasha. Ubongo una saa yake, nayo hurekebishwa na mwangaza. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini ambayo huutayarisha mwili kulala. Taa za umeme na simu huichelewesha. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza kwamba watu waliopiga kambi mwishoni mwa juma moja tu walianza kutoa homoni hiyo mapema zaidi, kwa karibu saa moja na nusu. Na mtu aliyelala vyema huwa mvumilivu, hata kama shida zake ni zile zile.

Si lazima kwenda mbali. Mbuga ya Ol Donyo Sabuk, ambayo wengi huiita Kilimambogo, iko upande wa Thika na ina mahali pa kupigia kambi. Ulizia ada mapema kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Jina Kilimambogo halikutolewa bure, kwa hivyo usizurure nje ya kambi usiku.

Beba blanketi za kutosha, na hata baridi ikizidi, usiingize jiko la makaa ndani ya hema. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huwaua watu wakiwa usingizini.

Yafaa ieleweke pia kwamba kambi si dawa ya kila ugonjwa wa akili. Anayetumia dawa asiziache. Mwenye huzuni iliyozidi majuma mawili amwone daktari, na anayewaza kujiua asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitalini mara moja. Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, huwatibu wagonjwa wa aina hiyo.

Mzazi yule alirudi kuniona. Kodi ya nyumba ilikuwa ingali inamsumbua, lakini alikuwa akilala. Nilimwonya kwamba faida hiyo hutoweka mtu akirejelea mazoea ya zamani. Hata asiye na nauli ya kwenda kambini anaweza kuanza leo: funika dirisha usiku, iache simu nje ya chumba cha kulala, na asubuhi utoke nje upate mwangaza wa jua.