Umri wa maiti hausomwi kwa fuvu peke yake

Aprili 2025, miili ilipofukuliwa katika uwanja wa kanisa moja huko Opapo, Rongo, Kaunti ya Migori, sisi wa Pwani tuliikumbuka Shakahola papo hapo. Swali nililoulizwa sana tangu hapo ni hili: mtu akibaki mifupa, umri wake hujulikanaje?

Wengi wamesikia habari za fuvu. Fuvu si mfupa mmoja, ni vipande vilivyoungana kwa mishono. Gusa utosi wa mtoto mchanga: pale palipo laini, mifupa bado haijakutana. Kwa kawaida utosi wa mbele hufunga mtoto akiwa na miezi 12 hadi 18 hivi. Mishono mikubwa ya juu na ya kisogoni hubaki wazi hadi utu uzima, kisha hufutika polepole.

Mwaka 1985 Wamarekani Meindl na Lovejoy waliweka utaratibu: sehemu 10 za mishono hupewa alama, 0 ikiwa wazi, 3 ikiwa imefutika kabisa. Jumla ndiyo hukadiria umri. Lakini watu wenye jumla moja huweza kupishana miongo kadhaa, na wapo wazee ambao mishono yao bado i wazi. Kwa hiyo anayeshika fuvu tupu akasema "miaka 34", kwangu mimi anabahatisha. Aseme kijana, mtu wa makamo au mzee, inatosha.

Na mahakama haitaki makisio. Shakahola ilitoa miili zaidi ya 400, na katika Mahakama Kuu ya Malindi washtakiwa walikana mashtaka ya kuua watoto 191. Kisheria mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na mishono ya fuvu haiwezi kuonyesha mpaka huo. Hapo hutazamwa meno yanayoota, ncha za mifupa mirefu, na mtulinga, ambao ncha yake ya kifuani huchelewa kuunga hadi miaka ya ishirini na kitu.

Vinasaba ndivyo hutoa jina, ila lazima pawe na ndugu wa kulinganisha naye. Umri hupunguza familia za kulinganisha. Kwa hiyo anayemtafuta mtu wake, awe Homa Bay au Kilifi, aende na tarehe ya kuzaliwa, picha inayoonyesha meno, na mzazi au mtoto wa kumzaa wa kutoa sampuli.