Nishati na Uzito: Kuchagua Baiskeli ya Umeme

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na kwamba nishati hugeuka kutoka hali moja kuwa hali nyingine. Baiskeli ya kawaida hupata nishati yake kutoka katika ugali na maharage aliyokula mpandaji. Misuli ya miguu huigeuza nishati ya chakula kuwa mwendo. Baiskeli ya umeme ina chanzo cha pili. Ndani ya betri yake mmehifadhiwa nishati ya kikemikali. Nishati hiyo hugeuka kuwa umeme, nao umeme huizungusha mota. Mpandaji hukanyaga pedali kama kawaida, na mota humsaidia.

Wazo hili si geni. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme katika gurudumu la nyuma. Lakini betri za siku hizo zilitengenezwa kwa risasi na asidi, kama zile zinazotumika hadi leo kuwashia motokaa. Ukitaka kujua kwa nini baiskeli hizo hazikuenea, nenda kwa fundi wa magari umwombe akuruhusu kuinua betri moja tu. Mambo yalibadilika mwaka 1991, betri za lithiamu zilipoanza kuuzwa nchini Japani. Kilo moja ya betri ya lithiamu huweza kuhifadhi nishati mara nne au zaidi ya kilo moja ya betri ya risasi. Ndiyo sababu leo betri ya baiskeli yaweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Safari ya Bibi Asha

Tuseme Bibi Asha ni muuguzi. Anakaa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katika ghorofa ya nne ya nyumba isiyo na lifti. Kazi yake iko katika zahanati moja huko Mwenge. Kila alfajiri husimama kituoni akingoja daladala, na mara nyingi daladala hupita zimejaa. Akichelewa, muuguzi mwenzake aliyekesha na wagonjwa hawezi kuondoka. Kwa hiyo Bibi Asha ameamua kununua baiskeli ya umeme. Fedha alizoweka akiba zinatosha baiskeli moja tu. Akikosea katika kuchagua, hatapata nyingine upesi.

Kutoka nyumbani kwake hadi kazini ni yapata kilomita 10. Barabara hushuka katika bonde la Jangwani, hupanda kuelekea Magomeni, kisha sehemu kubwa iliyobaki ni tambarare.

Dukani alionyeshwa baiskeli tatu. Muuzaji aliishika ile kubwa na kusema, "Dada, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote."

"Nguvu naitaka, kaka yangu," akajibu Bibi Asha, "lakini nani atanipandishia ghorofani?"

Jibu hilo lina sayansi ndani yake. Kila anayenunua baiskeli ya umeme hukutana na mambo mawili yanayovutana. Akitaka kwenda mbali, atahitaji betri kubwa. Betri kubwa ni nzito, na baiskeli yenye betri nzito huhitaji fremu imara zaidi, ambayo nayo ni nzito. Basi swali la kwanza si "Ipi ina nguvu?" bali "Safari yangu yahitaji nishati kiasi gani?"

Kupima nishati ya betri

Kwenye betri ya baiskeli pameandikwa namba mbili: volti, na ampea-saa. Ukizidisha namba hizo mbili, unapata wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambacho betri iliyojaa inaweza kutoa. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa moja hutumia wati-saa 10.

Baiskeli ya umeme, mpandaji akiwa naye anakanyaga, hutumia takriban wati-saa 10 kwa kila kilomita. Hiki ni kiasi kidogo cha kushangaza: nishati ya kuiwasha taa ile kwa saa moja humvusha mtu mzima pamoja na baiskeli yake kilomita nzima. Bila shaka kiasi hicho huongezeka penye mlima, penye upepo wa mbele, au mpandaji akikanyaga kivivu na kuiachia mota kazi yote.

Bibi Asha husafiri kilomita 20 kwenda na kurudi. Hesabu yake ni hii:

20 × 10 = wati-saa 200.

Sasa tuzitazame baiskeli tatu za dukani. Zote zina betri za volti 36.

Ya kwanza ina ampea-saa 15: 36 × 15 = wati-saa 540. Uzito wa baiskeli ni kilo 26.
Ya pili ina ampea-saa 7: 36 × 7 = wati-saa 252. Muuzaji alisema uzito wake ni kilo 15.
Ya tatu ina ampea-saa 5: 36 × 5 = wati-saa 180. Uzito wake ni kilo 13.

Baiskeli ya tatu ni nyepesi na ya kupendeza, lakini betri yake itakwisha baada ya kilomita 18, jioni, Bibi Asha akiwa karibu na Magomeni, amechoka, na bonde la Jangwani li mbele yake. Angeweza kuichaji akiwa kazini, lakini soketi za zahanati ile ni chache, na moja ni ya jokofu la chanjo. Tusiitegemee soketi ya mtu mwingine katika hesabu yetu.

Ya kwanza ingempeleka kazini na kumrudisha siku mbili bila kuchajiwa. Je, si bora kuliko zote? Tungoje kwanza tuipime.

Ndoo ya maji na ngazi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji ya ndoo kubwa ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Wengi wenu mmekwisha kuiona ndoo hiyo ikipandishwa ngazi, na mnajua jinsi mbebaji anavyopumzika kila kituo. Baiskeli ya kilo 26 ni nzito kuliko ndoo hiyo iliyojaa. Tena haibebeki vizuri kama ndoo: usukani hugonga ukuta na pedali huchoma mguu.

Bibi Asha hupanda ngazi zenye kimo cha mita 12 hivi. Anayebeba kilo 26 kwa kimo hicho hufanya kazi mara mbili ya anayebeba kilo 13. Atafanya kazi hiyo kila jioni, baada ya kusimama wodini kutwa, na hapo mota haimsaidii hata kidogo.

Barabarani mambo ni tofauti. Katika tambarare, baiskeli ikiwa imekwisha kupata mwendo, tofauti ya kilo kumi haisikiki sana, kwa kuwa kinachomzuia mpandaji zaidi ni hewa anayoipasua. Uzito husikika wakati wa kuanza mwendo, wakati wa kupanda mlima, na zaidi ya yote betri inapokwisha au umeme unapokatika nyumbani usiku kucha. Mtu mzima akikanyaga bila haraka hutoa kama wati 75 hadi 100. Mota ya wati 250 ni kama watu wawili au watatu wanaomsukuma kwa nyuma. Watu hao wakiondoka, hubaki yeye na uzito wake.

Pengine umefikiri kwamba betri ya baiskeli nzito yaweza kutolewa, baiskeli ikafungwa kwa mnyororo chini ya nyumba, na betri pekee ikapandishwa ghorofani. Umefikiri vyema, na penye mlinzi wa kuaminika hiyo ni njia nzuri. Kwa Bibi Asha hapana mlinzi, na asubuhi moja jirani yake alikuta mnyororo umebaki peke yake.

Jaribio: Kupima uzito wa baiskeli

Vifaa: mizani ya kupimia watu, na baiskeli yoyote.

Simama juu ya mizani na mwenzako asome uzito wako. Kisha mwombe mtu mzima asimame juu ya mizani hiyo, kwanza peke yake, halafu akiwa ameinua baiskeli ili magurudumu yasiguse chini. Toa namba ya kwanza katika namba ya pili. Tofauti ni uzito wa baiskeli.

Bibi Asha aliomba mizani dukani. Peke yake alikuwa na kilo 62. Alipoiinua baiskeli ya pili, mizani ilionyesha kilo 79. Kwa hiyo baiskeli ile ilikuwa na kilo 17, wala si 15. Muuzaji hakuwa amesema uongo kwa makusudi. Alisoma karatasi ya kiwanda, na viwanda vingi hupima baiskeli kabla ya kuitia pedali, keria, madigadi na taa. Namba ya karatasi si mbaya, lakini namba ya mizani ndiyo itakayopandishwa ngazi.

Wepesi hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya wepesi hutokana na betri ndogo na mota ndogo. Sehemu nyingine hutokana na fremu. Kipande cha chuma kina uzito karibu mara tatu ya kipande cha alumini cha ukubwa uleule. Unaifahamu alumini: ndiyo madini ya sufuria nyingi za jikoni. Kwa kuwa alumini si imara kama chuma, mabomba ya fremu yake hufanywa manene zaidi, lakini hata hivyo baiskeli hubaki nyepesi. Ziko pia fremu za nyuzi za kaboni, nyepesi zaidi, na bei yake humfukuza mnunuzi mlangoni.

Tazama pia kilichoondolewa. Baiskeli isiyo na madigadi ni nyepesi, na wakati wa masika itakurushia matope mgongoni. Isiyo na keria ni nyepesi, na mzigo utaubeba wewe. Breki hafifu nazo ni nyepesi! Baiskeli inayokimbia kilomita 25 kwa saa yahitaji breki zinazokamata hata mvuani, na hapo gramu mia kadhaa si kitu cha kuhurumia.

Katika baiskeli nyingi nyepesi mota imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Tairi hilo likipata pancha, kulifungua ni kazi zaidi, kwa sababu waya wa umeme hupita hapo. Muulize fundi wa mtaani kwenu, kabla ya kununua, kama ataiweza.

Betri na hatari yake

Betri ya lithiamu huhifadhi nishati nyingi mahali padogo. Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo ndiyo hatari yake. Ikipasuka, ikilowa ndani, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, nishati yote yaweza kutoka kwa mara moja, nayo hutoka kama moto mkali usiozimika kwa urahisi. Katika jiji la New York, Marekani, moto wa betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na pikipiki ndogo za umeme, uliua watu 18 mwaka 2023. Betri ikichajiwa karibu na mlango, moto wake waweza kuziba njia pekee ya kutokea.

Kwa hiyo usichaji betri mlangoni wala kwenye ngazi wanazopita watu. Usiichaji watu wote wakiwa wamelala. Usiiache juani, na usitumie chaja ya kuazima hata kama plagi yake inaingia. Betri iliyovimba, inayonuka au iliyoangushwa isitumike tena. Baiskeli za umeme hustahimili mvua, lakini hazikutengenezwa kuvushwa katika maji ya kiunoni. Msimbazi ukifurika pale Jangwani, mpandaji na azunguke au angoje.

Baiskeli aliyoinunua

Bibi Asha alinunua ile ya pili. Betri yake ya wati-saa 252 huhitaji kiasi cha robo tu ya uniti ya umeme, na hujaa kwa muda wa saa tatu hadi nne, tangu arudipo jioni hadi kabla ya kulala. Kilo 17 anaziweza, ingawa hupumzika mara moja katika ghorofa ya pili.

Hakudanganyika kwamba itakuwa hivyo daima. Betri ya lithiamu huchakaa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, hubaki na kama sehemu 80 kwa mia ya uwezo wake. Piga hesabu: 252 × 80 ÷ 100 = 201.6. Safari yake huhitaji 200. Siku hizo zitakapofika, atafika Kariakoo betri ikiwa karibu tupu, na penye tambarare itambidi aipunguze mota na kukanyaga zaidi kwa miguu yake. Kwa hiyo, siku ileile aliponunua baiskeli, aliuliza bei ya betri mpya.

Maswali

1. Betri ya baiskeli ina volti 48 na ampea-saa 10. Je, ina wati-saa ngapi? Yaweza kumpeleka mpandaji kilomita ngapi?

2. Kwa nini uzito wa baiskeli husikika zaidi mlimani na kwenye ngazi kuliko katika tambarare?

3. Mwalimu anakaa nyumba ya chini yenye uzio na mlinzi, na shule yake iko kilomita 22 kutoka kwake. Kati ya baiskeli tatu za dukani, ungemshauri achukue ipi? Eleza sababu zako.

4. Pima baiskeli ya nyumbani kwenu au ya jirani kwa njia uliyojifunza. Linganisha uzito wake na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji.